Alhamisi Hakuna Zamu

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliosoma nao waliteremka Same, wakatawanyika: wengine Moshi, wengine Dar, wengine kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare. Wakirudi Krismasi hunikuta nimekaa kwenye kibaraza kilekile walichoniacha, ila labda kikombe kimebadilika. Kijijini wananiita mwali, kwa kuwa mwali ndiye anayefungiwa ndani. Siwalaumu. Kushuka Same mjini kwangu ni safari ya kujipanga siku tatu, na nikishafika, upepo wa stendi ukanijaza vumbi machoni, jambo la kwanza ninalouliza ni gari la kurudi mlimani linaondoka saa ngapi.

Kidato cha nne nilimaliza. Matokeo yangu mama aliyakunja akayaweka ndani ya Biblia, nadhani ili yaombewe taratibu. Kwa hiyo nikisema kwamba katika maisha yangu nimeandika kitu ambacho mashine kubwa za dunia zilikisoma zikakiiga, naomba msomaji acheke kwanza, amalize, halafu aendelee.

Nilijifunza kuandika programu kwa kompyuta ya mtumba niliyoachiwa na binamu yangu, betri yake ikiwa imeshakufa, hivyo umeme ukikatika kijijini na mimi nakatika. Mwanzoni sikujua niwaelezeje watu ninachofanya. Niliposema ninaandika kodi, kama wanavyosema mafundi wa kompyuta, jirani yetu aliniuliza kwa upole, "Kodi ya nyumba au ya kiwanja?" Habari zikaenea kwamba mwali ameajiriwa na watoza ushuru, na kwa wiki mbili hivi nilisalimiwa kwa heshima ambayo sijaipata tena.

Programu yenyewe ilikuwa ya ndiva. Kwa asiyetoka kwetu: ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, lililochimbwa na mababu hapo juu ya kijiji. Usiku linajaa maji ya kijito kinachotoka msitu wa Shengena; asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka kwa mifereji hadi kwenye tangawizi, maharage na migomba ya mwenye zamu. Mwenye zamu ya leo si mwenye zamu ya kesho, na aliyekuwa akijua zamu zote, kwa miaka na miaka, alikuwa mama yangu. Alikuwa mgawa zamu. Alikuwa na daftari lenye jalada la kitambaa, na neno lake halikuwa na rufaa.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia. Hakumwambia mtu. Siku moja alisoma mstari wa juu badala ya mstari wa chini, na kaya mbili zikakutana kwenye mlango wa ndiva saa kumi na mbili asubuhi, kila moja na majembe yake, kila moja na haki yake. Hawakupigana, ila yalisemwa maneno. Mama alirudi nyumbani akakaa jikoni, akaniambia, "Nimewagombanisha watu kwa macho yangu." Alitaka kuliacha daftari siku ileile.

Ndipo nikamwambia, wewe nitajie kanuni, mimi nitaiandikia kompyuta. Tulifanya hivyo msimu mzima wa kupukuchua maharage. Yeye anapukuchua, ananitajia. Mimi naandika, nakosea. Yeye ananikemea kwa kitu asichokiona. Kanuni za ndiva si haba. Mwenye shamba la chini hatangulii wa juu wakati wa kiangazi. Na Alhamisi hakuna zamu kabisa, kwa sababu Alhamisi ni siku ya msaragambo: kila kaya inatoa mtu, mnazibua mifereji, mnatoa tope, mnaziba nyufa za ndiva kwa udongo. Asiyekuja msaragambo zamu yake inarukwa.

Kwenye programu hilo la Alhamisi lilikuwa mstari mmoja tu: siku ikiwa Alhamisi, ruka. Sikueleza kwa nini. Kwetu nani angehitaji kuelezwa?

Ilipokamilika ikawa inatuma ujumbe kwa simu jioni ya kuamkia zamu yako, na kwa wasio na simu inachapa orodha ya herufi kubwa, tunaibandika kwenye mlango wa ndiva. Mama aliendelea kuitwa mgawa zamu. Ananiuliza asubuhi, "Leo nimempa nani?" Namwambia. Anaitikia kwa kichwa kama aliyekumbuka mwenyewe.

Kwa kiburi nilichokuwa nacho nikaiweka kazi yangu mtandaoni, pale ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao wazi ili yeyote azichukue. Chanzo huria, wanaita. Nikaambiwa nichague leseni. Mama akauliza, "Leseni ya nini tena, na wewe hata baiskeli huwezi?" Nilimsomea kwa Kiswahili changu cha kubahatisha: mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuitumia, kuibadilisha na kumpa mwenzake, ila asifute jina la aliyeanza, na akiitengeneza vizuri zaidi naye aweke matengenezo yake wazi kwa wengine.

Mama hakushangaa. "Hiyo si ndiva? Chota, lakini msaragambo uje."

Mimi niliyepoteza siku nne na kamusi nilikuwa sijaielewa hivyo.

Miaka miwili ikapita. Pale mtandaoni mtu akipenda kazi yako anaiwekea nyota. Yangu ilikuwa na nyota tatu, na moja kati ya hizo niliiweka mwenyewe. Nilikuwa nimeshazoea kuwa maarufu kwa kiasi hicho.

Ndipo barua ikaja. Dereva wa noha, gari la abiria linalopanda huku, aliileta pamoja na sabuni za duka, imefungwa bahasha ya kaki, imeandikwa kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maji. Aliyeandika ni fundi wa kompyuta mwenye duka la steshenari Same mjini, mtu mzima anayeheshimika, ambaye hata mimi aliwahi kunichapia barua ya kuomba kazi nisiyoipata. Alikuwa amewatengenezea wakulima wa umwagiliaji wa huko bondeni mfumo wa zamu za maji, nao wakamsifia mbele ya watu. Mgeni mmoja aliyepanda huku juu akaona karatasi yetu mlangoni mwa ndiva, akashuka akamwambia kuwa watu wa mlimani wanatumia mfumo wake. Barua ilisema kuwa imebainika kamati yetu inatumia kazi yenye hakimiliki ya mwandishi wa barua bila idhini; kwamba tuache kuitumia; na kwamba Jumapili atapanda mwenyewe tuongee.

Mwenyekiti aliisoma mara mbili kwa sauti, kisha akanitazama. "Kijana, hii kitu uliiandika au uliiokota?"

"Niliiandika, mzee."

"Maana wewe hutoki. Ungeiokota wapi?" Alikuwa ananitetea, kwa namna yake.

Nikarudi nyumbani na mama. Akalitoa daftari lake chini ya godoro, akalifungua, akalisogeza karibu na pua, akalisogeza mbali. "Wakituzuia," akasema, "nitalirudia hili. Utakuwa unanisomea?" Nikamwambia nitamsomea. Lakini sote wawili tulijua kuwa mgawa zamu anayesomewa na mtoto wake kila asubuhi mbele za watu si mgawa zamu tena. Atakuwa bibi aliyeachiwa cheo kwa huruma.

Pamoja na barua kulikuwa na mfano wa ratiba ya bondeni, kurasa mbili. Nilikaa nayo barazani nikitafuta alipotofautiana na mimi, nijue pa kujitetea. Majina mengine. Saa zilezile, kwa mpangilio uleule. Nikashuka na kidole: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Ijumaa.

Nilirudia. Jumatano, Ijumaa.

Nilicheka hadi mama akatoka nje na mwiko wa makande mkononi. "Una nini?"

"Mama, huko bondeni msaragambo wao ni siku gani?"

"Wale? Wale hufanya Jumatatu ya kwanza ya mwezi, basi. Tena kwa kubembelezwa."

"Sasa mbona Alhamisi hawapewi maji?"

Alisimama pale na mwiko wake. Mama yangu hahitaji kuelezwa jambo mara mbili. "Eh," akasema. "Alhamisi yetu imefikaje huko?"

Hilo ndilo nililohangaika nalo hadi Jumapili. Nilimpigia simu niliyesoma naye, ambaye sasa anafanya kazi ofisini kwa wakili. Akaniambia fundi kama huyo siku hizi haandiki kitu. Anaiambia akili mnemba anachotaka, nayo inamwandikia. Hiyo akili imesoma kazi zote zilizowekwa wazi mtandaoni, pamoja na yangu yenye nyota tatu, na nani ameandika programu za kugawa maji ya mifereji kwa Kiswahili hapa duniani? Labda mimi tu. Kwa hiyo akiuliza hilo, inampa mimi. Nikamuuliza sheria inasemaje. "Sheria?" akasema. "Ndugu yangu, hilo wakubwa wenyewe bado wanalumbana mahakamani. Wewe nenda na Alhamisi yako."

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa kwenye madawati nje ya ofisi ya kijiji. Watu wengi ambao si kamati walikuwa na shughuli papo hapo. Fundi alifika kwa bodaboda, viatu vyake vizuri vimeshiba tope, uso umepauka kwa kona za njiani. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaomba maji ya kunywa, akasema, "Ninyi watu mnaishi huku kwa hiari?"

"Huyu hata ukimfukuza haondoki," akasema mama mmoja akininyooshea kidole. Wakacheka. Nikajua angalau niko nyumbani.

Fundi alieleza vizuri, tena bila ukali. Alifungua kompyuta yake akatuonyesha kazi, na kazi ilikuwa safi kuliko yangu, nakiri. Ya kwangu ilikuwa na viraka kama suruali ya shambani; ya kwake imenyooshwa pasi. Majina yote ya ndani yalikuwa mengine. Nilibaki na Alhamisi yangu tu.

"Mzee," nikasema, "naomba kuuliza moja tu. Kwa nini mfumo wako unaruka Alhamisi?"

Akatazama. Akatazama tena. "Nilidhani ni wakulima waliotaka."

"Wakulima wanasemaje?"

"Wao," akasema polepole, "walidhani ni agizo la wilaya."

Wale wasio kamati hawakujizuia kucheka. Fundi akainua mkono. "Ngoja, tuiulize yenyewe iliyoandika." Akaichapia swali, tukasubiri mtandao ambao kwetu huja kwa kunyata. Jibu likaja na akalisoma kwa sauti, kwa uaminifu ambao hadi leo namheshimu nao: kwamba siku ya Alhamisi imeachwa wazi ili kuheshimu mapumziko ya kitamaduni ya jamii husika.

"Mapumziko!" Mama yangu alisimama. Alikuwa amekaa nyuma, mtandio umefungwa hadi kwenye nyusi. "Mapumziko? Alhamisi? Mimi nimetoa tope la ndiva hii Alhamisi nikiwa na mimba ya huyu, tena mimba kubwa. Iambie hiyo mashine yako ije Alhamisi ipumzike na sisi."

Nadhani kesi iliishia hapo, ijapokuwa tuliendelea kwa saa nzima, kwa sababu watu walikuwa wamekuja kusikiliza kesi. Nilionyesha tarehe zangu mtandaoni, kila badiliko na siku yake. Fundi alizitazama moja moja, akavua miwani.

"Mimi sikuiba," akasema. "Sijawahi kuiona kazi yako. Naapa."

"Najua, mzee."

"Niliomba, nikapewa. Ningejuaje ni ya mtu?"

Hapo mwenyekiti akataka kutoa mfano wa mtu aliyeuziwa mbuzi wa wizi, lakini sikumuunga mkono, maana dhamiri yangu nayo haikuwa safi. Niliwaambia ukweli. Sehemu ya programu yangu inayohesabu siku na miezi nilichukua kwa mtu wa mbali nisiyemjua, na nilijifunza kila kitu kwa kuchungulia kazi za wengine. Hata akili mnemba yenyewe nimeitumia, ilinisaidia kutuma ujumbe wa simu.

"Sasa tofauti yenu ni nini?" akauliza mwenyekiti, na lilikuwa swali la haki.

Nikafungua faili langu nikamwonyesha: pale juu, jina la yule mtu wa mbali lipo, nililiacha kama leseni yake ilivyotaka. Mimi nilipochota nilionyeshwa mlango na masharti yake. Fundi alichotewa na mashine, ikamletea ndoo hadi dukani, haikumwambia maji ni ya ndiva gani wala kwamba kuna msaragambo.

Fundi akafunga kompyuta yake. Kisha akasema maneno ambayo sikuyategemea kutoka kwa mwandishi wa barua ile: "Basi nionyesheni huo msaragambo wenyewe unafanywaje."

Tukakubaliana palepale. Sisi tunaendelea na programu yetu bila kuombwa wala kuomba. Yeye ataandika kwenye ya bondeni kwamba imetoka huku, ataiweka wazi kama yetu, na chochote alichokirekebisha atakirudisha. Mwenyekiti akaifunga barua kwenye bahasha yake ya kaki akamrudishia, akasema labda atapata kazi nyingine ya bahasha. Mama alirudi nyumbani akitembea mbele yangu, na ule mteremko aliushuka kama mwanamke wa miaka arobaini.

Ningependa kusema nilikuwa muungwana kuanzia siku hiyo. Sikuwa. Rekebisho lake la kwanza lilifika baada ya wiki moja, na nilipolifungua niliona ameifuta Alhamisi. Mahali pake ameweka nafasi ya kila kikundi kujaza siku yake: hawa Alhamisi, wale Jumatatu ya kwanza ya mwezi, wengine Jumamosi kwa sababu ni Wasabato. Ni wazo zuri. Ni wazo zuri sana, na mimi niliyekaa na programu ile miaka miwili halikunijia, kwa sababu sikuwahi kufikiri kuwa kuna ndiva nyingine duniani.

Nikaanza kuandika jibu la kukataa. Nilikuwa nimefika aya ya pili, inayohusu mila na desturi, mama akaniuliza ninagonga nini kwa hasira hivyo. Nikamweleza.

"Kwani maji yao ni yako?"

"Siyo."

"Alhamisi yetu ameigusa?"

"Hapana, sisi tutajaza Alhamisi tu."

"Basi mpe mwenzio pole ya kazi."

Nikaijaribu kazi yake ili nimpe pole kwa haki, na kumbe kikundi kikisahau kujaza siku, mfumo mzima unasimama. Hapo furaha ilinirudia. Nikamrudishia kwa adabu zote: Shikamoo mzee, kazi nzuri, naomba urekebishe hapa. Mimi, mwenye matokeo ndani ya Biblia, nikimsahihisha fundi wa Same mjini. Nilichapa ujumbe ule mara tatu ili upendeze. Akarekebisha kesho yake, akaandika, "Asante, mwalimu." Mama alinikataza kuusoma kwa sauti zaidi ya mara mbili.

Ilibaki kuandika majina. Kwenye faili la waandishi kulikuwa na langu, na la yule mtu wa mbali chini yake. Nikaongeza la fundi, nikamsomea mama ili ajue kuwa haki imetendeka, kila aliyeleta jembe ametajwa.

Alisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, siku hizi hachambui kwa macho.

"Na kanuni," akasema, "alikutajia nani?"

 Nilikuwa nimeipigia dunia kelele kwa sababu ya jina langu, nimesimama mbele ya kamati nikasema maneno ya masharti na mlango, na kwenye faili langu mwenyewe, miaka miwili, mtu aliyenitajia kila mstari hayupo. Mashine ilinifanyia nilichomfanyia mama, tena yenyewe ina sababu: haimjui. Mimi nakula kwake.

"Wala sikuwa nataka," akasema. "Nauliza tu."

Nikaandika jina lake juu ya yote, majina matatu kamili kama yalivyo kwenye cheti cha ubatizo, na mbele yake nikaandika kazi yake: mgawa zamu. Akataka kuona. Nikakuza maandishi hadi yakajaza kioo kizima, herufi moja ukubwa wa yai, akasogea, akazisoma moja moja kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka mwisho.

"Umekosea," akasema. "La ukoo lina h."

Nikaiweka h, na badiliko hilo nalo likaandikwa mtandaoni na tarehe yake, kwa maelezo mafupi: rekebisho kutoka kwa mwandishi mkuu.